Dizeli nyekundu: Pengo la kodi likizibwa, nani hulipa?

Mkulima wa Uingereza anapojaza trekta lake, mafuta anayotia ni mekundu. Ni dizeli kama ile ya malori. Kinachoitofautisha ni rangi na kodi. Kwa nini serikali itie mafuta rangi, na jambo hilo linatuhusu vipi Afrika Mashariki?

Trekta hufanya kazi shambani, si barabarani, kwa hiyo mafuta yake hutozwa ushuru mdogo. Kufikia mwisho wa Machi 2022, ushuru wa dizeli ya kawaida ulikuwa peni 52.95 kwa lita, na wa dizeli nyekundu peni 10.18. Dereva wa lori akitia lita 300 za mafuta mekundu, anakwepa zaidi ya pauni 128.

Pengo hilo ndilo huzaa udanganyifu. Maafisa wa mamlaka ya mapato husimamisha magari na kupima mafuta yaliyomo kwenye tangi. Wakikuta rangi, wanaweza kulikamata gari. Karibu na mpaka wa Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, wahalifu walijifunza kuiondoa rangi kwa kemikali, na taka zenye sumu zikatupwa kando ya barabara. Mwaka 2015 nchi hizo mbili zilianza kutumia kinasaba kipya kisichoondoka kwa urahisi.

Tarehe 1 Aprili 2022, Uingereza iliwapunguza wanaoruhusiwa kutumia dizeli nyekundu. Wakulima, wafugaji wa samaki na reli walibaki. Kampuni za ujenzi na za uchimbaji madini zikaondolewa. Serikali ilisema inataka kupunguza uchafuzi wa hewa. Wajenzi walilalamika kwamba gharama zitapanda.

Kwetu ugonjwa huu tunaujua kwa jina la uchakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, lakini kwa njia iliyo kinyume cha Uingereza. Uingereza hutia alama mafuta yenye kodi ndogo. Tanzania huyatia alama yale yaliyolipiwa kodi ili yauzwe nchini. Kituo kikikutwa kinauza dizeli isiyo na vinasaba vya kutosha, huenda ni mafuta ya magendo yaliyokusudiwa nchi jirani, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na mchanganyaji akose faida. Lakini mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa na majiko ya familia maskini. Mama aliyenunua nusu lita dukani hakuwahi kuchakachua chochote, ila tozo ilimfikia naye.

Kwa maoni yetu, rangi na vinasaba humfichua mdanganyifu, lakini haviondoi kishawishi. Pengo la kodi likiachwa, serikali italazimika kukagua matangi bila kuchoka. Likizibwa, lazima mtu alipe: Uingereza ilimchagua mjenzi, Kenya ikamwangukia mpishi wa jiko la mafuta ya taa. Bajeti inaposomwa na kodi ya mafuta kuguswa, swali la kwanza liwe hilo: mzigo huu ameshushiwa nani, na je, yeye ndiye aliyekuwa akiiba?