Kumkanda Mbwa

Katika nyumba nyingi za Bugolobi, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi: hufungwa mchana, hufunguliwa usiku. Kumkanda, wapo wasemao, ni anasa. Mimi naona ni wajibu. Jioni nimkandapo wangu shingoni na mabegani, taratibu kwa viganja, hutulia. Nami hugundua kupe au kidonda mapema. Akinguruma, naacha, kwani ameniambia panapouma.

Mwalimu mtarajiwa, zingatia: unga tunaukanda, mbwa tunamkanda. Kitenzi ni kimoja, lakini kiambishi cha mtendwa -m- chakiri kwamba huyu ana uhai. Asemaye “mbwa yangu” badala ya “mbwa wangu” husahihishwa darasani. Je, amtendeaye mbwa kama kitu asahihishwe na nani?