Nyumba Haihifadhiki kwa Kufuli

Imekuwa desturi ya wengi, kila litajwapo jambo la urithi, kukimbilia methali "Mwacha mila ni mtumwa", kisha wakaishia hapo, kana kwamba mila ni sanduku la kutiwa kufuli na kupanguswa vumbi. Rai hiyo ni potofu. Nitaipinga kwa ushahidi wa nyumba moja iliyo mbali nasi, nayo ni nyumba ya akina Kusakabe katika mji wa Takayama, nchini Japani.

Akina Kusakabe walikuwa wafanyabiashara matajiri. Nyumba yao iliteketea kwa moto mwaka 1875, ikajengwa upya mwaka 1879 na seremala mkuu Kawajiri Jisuke. Mwaka 1966 serikali iliitangaza kuwa mali muhimu ya utamaduni, na leo ni nyumba ya makumbusho. Basi na tuwaulize waabudu ukale: ni ukale gani uliohifadhiwa hapo? Nyumba ya kwanza ilikwisha kuwa majivu! Tena mbao zilizotumiwa ni za mti uitwao hinoki, ambao raia wa kawaida walikatazwa kuujengea chini ya utawala wa Tokugawa, uliokoma mwaka 1868.

Kilichonusurika motoni ni ujuzi. Mafundi wa Hida, ndiyo nchi ilipo Takayama, walisifika tangu karne ya 8, walipokuwa wakipelekwa mji mkuu kujenga majumba na mahekalu badala ya kutoa kodi. Aingiaye katika nyumba ile na kuinua macho huona nguzo na boriti nene zikipishana hadi paani, wala hakuna dari ya kuzificha. Anachokiona ni akili ya fundi iliyoachwa wazi.

Hata hivyo, Wajapani nao wasisifiwe kupita kiasi. Mwezi Mei 1950 walipitisha sheria mbili. Moja ilihifadhi mali za utamaduni. Nyingine, ya ujenzi, iliweka masharti yaliyofanya iwe vigumu mno kujenga mjini nyumba mpya ya mbao kwa mtindo ule wa kale. Mkono mmoja ulilinda nyumba, mkono wa pili ukamnyang'anya seremala kazi. Mjini Kyoto, hesabu ya mwaka 2016 ilikuta nyumba za jadi za mjini zipatazo 40,000. Zaidi ya 5,000 zilikuwa zimetoweka katika muda wa miaka saba hivi.

Watajibu kwamba mbao huwaka, na kwamba uhai wa watu ni bora kuliko uzuri wa mji. Hoja hiyo ina uzito, na moto wa mwaka 1875 ni shahidi wake. Lakini kumkinga mtu na moto ni jambo moja, na kuuacha ujuzi ufe ni jambo jingine. Wajapani wenyewe waliling'amua hilo: mwaka 1975 waliirekebisha sheria ya utamaduni, wakaanza kulinda pia ufundi unaohitajiwa katika kuyatengeneza majengo ya kale. Nyumba isiyo na fundi wa kuitengeneza ni maiti iliyovishwa vizuri. Siku boriti yake itakapooza, nani ataijua ya kuipachika mahali pake?

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu. Lugha nayo ni nyumba. Mwanafunzi aliyekariri methali mia, asiweze kuandika barua moja yenye hoja, tumemkabidhi makumbusho, hatukumpa ufundi. Tunamsahihisha anapothubutu kuunda sentensi yake, tunampa alama anaporudia zetu, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili fasaha kinapotea. Kinapotea mikononi mwetu! Tufundishe kujenga, ili hata moto ukija, wawepo wa kuinua nguzo tena.