Mfalme Asa Hakufa kwa Sababu ya Dawa

Ubishi wa imani na hospitali ukizuka makanisani mwetu, aya ya kwanza kutolewa ni 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Mfalme Asa wa Yuda aliugua miguu, akawaendea matabibu, hakumtafuta Bwana, akafa. Mhubiri akishaisoma hufunga Biblia na waumini wakaitikia amina. Mimi naamini kwamba Mungu anaponya, nami huombea wagonjwa. Ndiyo maana inaniuma kuona aya hiyo ikitumiwa kumnyang'anya mtu vidonge vyake.

Isomwe sura nzima. Baasha wa Israeli alipojenga Rama ili kuifunga njia ya kwenda Yuda, Asa alichota fedha na dhahabu katika hazina za nyumba ya Bwana, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski amsaidie. Huyu ni Asa yule yule ambaye katika sura ya 14 alimlilia Mungu mbele ya jeshi la Zera Mkushi, akapewa ushindi. Mwonaji Hanani alipomkumbusha hayo, mfalme alimtia gerezani, na baadhi ya raia akawatesa. Yote hayo yalitangulia ugonjwa. Miguu ilianza kumsumbua mwaka wa 39 wa utawala wake, akafa mwaka wa 41. Mwandishi anapowataja matabibu, anamalizia habari ya mtu aliyekwisha kumpa Mungu kisogo na kumfunga mjumbe wake. Kosa lake ni kwamba hakumtafuta Bwana, na kumtafuta angeweza hata matabibu wakiwa wamekizunguka kitanda chake.

Tunajua angeweza, kwa sababu Hezekia, mfalme mwingine wa Yuda, alifanya hivyo. Katika 2 Wafalme 20 aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake, maana atakufa. Akageukia ukutani, akaomba, akalia. Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha nabii Isaya, aliyetoka kuileta ahadi hiyo, akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, mfalme akapona. Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba tini zimeonyesha mashaka yake. Kwa nini aya ya Asa tunaihubiri kila mwaka, na hii ya Hezekia tunaipita?

Wengine hushika Kutoka 15:26, pale Mungu anapojitambulisha kwa Israeli kuwa ndiye awaponyaye. Husema: mponyaji akiwa yeye, daktari wa nini? Wapande juu mstari mmoja tu. Pale Mara maji yalikuwa machungu, Musa akalia, na Bwana akamwonyesha mti. Musa akautupa majini, yakawa matamu. Mungu aliyejiita mponyaji ndiye aliyeuonyesha mti.

Kuna wasemao kwamba kumeza dawa ni kuukiri ugonjwa, na anayeukiri ameukaribisha. Basi Paulo aliukiri waziwazi. Alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yanayomrudia mara kwa mara. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Wafilipi aliwaeleza kwamba Epafrodito aliugua karibu na kufa. Alisafiri na Luka, anayemwita tabibu mpendwa. Aliyeombea wengi wakapona hakuona aibu kutaja ugonjwa wa rafiki zake.

Dai linaloua zaidi ni hili: ukishaombewa, kuendelea na dawa ni kuukana muujiza. Kwenye mkesha mmoja niliona mama akipanda mbele na kopo la ARV. Ndani alikuwa ameshindilia pamba, vidonge visilie mkobani njiani. Alisema amepima, virusi havionekani, naye amepokea. Kopo likawekwa chini ya madhabahu na kwaya ikapiga pambio.

Virusi havikuonekana kwa sababu ya vile vidonge. Dawa hizi hufubaza virusi hadi idadi yake inashuka chini ya kiwango ambacho kipimo kinaweza kukisoma, lakini vingine hubaki vimejificha mwilini. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huanza kupanda tena ndani ya wiki chache, na kwa mjamzito au anayenyonyesha hatari inamfikia na mtoto. Mwenye presha husema kichwa hakimuumi tena, mwenye kisukari huona sukari imeshuka, nao wakaacha kwa ushuhuda uleule. Wa kisukari anayeishi kwa insulini akiiacha, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Nani alisema muujiza unaogopa kipimo? Katika Luka 17 Yesu aliwaambia wenye ukoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyemkagua mgonjwa na kumtangaza kuwa safi. Yesu aliwatuma kwa wakaguzi, nao wakatakasika wakiwa njiani. Aliyeponywa kweli na arudi kliniki na kadi yake, apimwe, na daktari ndiye aseme kama dawa zinasimama. Mungu hapungukiwi kitu.

Kisha huja Yeremia 17:5, laana juu ya anayemtegemea mwanadamu. Nabii anamlaani yule ambaye moyo wake umemwacha Bwana, na tumwogope kweli Mungu hapo. Lakini tazama inavyotumika. Mgonjwa anaambiwa asimtegemee daktari, halafu anauziwa chupa ya maji ya upako na kuagizwa asikosekane mbele ya nabii mmoja, mwenye jina na namba ya simu ya kupokelea sadaka. Huko si kumwacha mwanadamu, ni kubadilisha mwanadamu.

Mwaka 2011 tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake kule Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha katika ndoto. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wakatolewa wodini, na wengine wakafia njiani. Wengi waliitaja safari ile kuwa ya imani, lakini ndani ya kikombe mlikuwa na mizizi ya mti wa mugariga iliyochemshwa. Walichofanya ni kuacha dawa iliyopimwa na kufuata ambayo haijapimwa.

Wapo pia waliochoshwa na haya yote, wanaouliza: kama ni dawa, maombi ni ya nini basi? Hao nao nawakatalia. Yakobo 5 inaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na agizo hilo halijafutwa. Dawa haimsamehe mtu dhambi, haimshiki mkono saa nane za usiku, na yapo magonjwa ambayo daktari mwenyewe husema amefika mwisho. Waliojenga hospitali za Haydom, Bugando na KCMC walikuwa watu wa sala, na sala ndiyo iliyowasukuma kujenga wodi.

Mchungaji, kopo likiletwa madhabahuni, liombee na umrudishie mwenyewe palepale mbele ya watu wote. Nawe uliyeacha dawa tangu mkesha ule, nenda kliniki kesho asubuhi. Hawatakufukuza. Omba ukiwa njiani.