Kabla ya Foklifti, Itafutwe Sehemu ya Chaji

Anayeingia asubuhi katika ghala la unga au sabuni kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, huweza kukutana na moshi kabla hajaiona mashine yenyewe. Foklifti ya dizeli inapishana na makuli kati ya rafu, na moshi hauna pa kutokea. Mwaka 2012, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Kwa kazi za ndani, basi, foklifti ya umeme haihitaji kupigiwa debe. Kinachohitaji kusemwa kwa sauti ni jinsi inavyonunuliwa.

Mnunuzi huuliza: inabeba tani ngapi, na bei gani? Angeanza na swali jingine: itachajiwa wapi, saa ngapi, na nani atakayeitunza betri?

Betri ya risasi na asidi, ambayo mafundi wengi wanaifahamu, kwa kawaida hufanya kazi saa nane, huchajiwa saa nane, kisha huachwa ipoe kwa muda kama huohuo. Kiwanda cha shifti moja kitaishi nayo vizuri. Chenye shifti mbili kitahitaji betri ya pili na winchi ya kuibadilishia, maana betri ya foklifti ya tani mbili na nusu inaweza kuzidi tani moja kwa uzito.

Halafu kuna maji ya betri. Huongezwa chaji ikishakamilika. Chumba cha betri kikijazwa hadi juu mapema, asidi hutanuka wakati wa chaji, humwagika juu ya vifuniko na kuanza kula chuma cha sanduku. Asipokuwepo wa kufungua vifuniko na kuchungulia, sahani za risasi hubaki wazi, na betri ya mamilioni ya shilingi hufa kabla ya siku zake. Wakati wa chaji hutoka pia haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Kuichajia betri kwenye kona isiyopitisha hewa, jirani na fundi anayechomelea, ni kuchezea maisha ya watu.

Betri ya litiamu haitaki maji, na dereva huichomeka hata akienda kula mchana. Bei yake ni kubwa, ila kwa ghala la shifti mbili au tatu inastahili. Wa kuonywa ni anayetoa betri ya risasi na kupachika litiamu nyepesi ya bei poa. Betri ndiyo sehemu ya uzito unaozuia magurudumu ya nyuma yasinyanyuke. Uzito huo usipofidiwa kwa chuma, mashine itapinduka na mzigo wake.

Kibati cha mashine nacho kisomwe chote. Kilo 2,500 kwa milimita 500 maana yake kitovu cha mzigo kiwe nusu mita kutoka uso wa uma. Kreti ndefu ikisogeza kitovu hicho hadi milimita 800, uwezo hupungua kwa mamia ya kilo.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi nchini Tanzania, lakini chaja inategemea waya ulioingia kwenye ghala husika. Chaja nyingi za mashine kubwa hutaka umeme wa njia tatu. Asiyemwita fundi umeme mapema ataifunika foklifti mpya turubai huku akisubiri laini.

Na yadi ya udongo inayogeuka matope wakati wa masika? Foklifti ya umeme yenye magurudumu madogo ya mpira mgumu haifai huko, na muuzaji mwaminifu atasema hivyo. Ndani nako, utulivu wake una hatari: kuli aliyezoea muungurumo hataisikia ikija nyuma yake. Taa ya buluu inayomulika sakafuni na honi inayofanya kazi ziwemo kwenye oda.

Muuzaji aombwe kuiacha mashine ghalani siku kadhaa kwa majaribio. Ipandishwe rampu ileile ya kila siku na mzigo mzito kuliko yote ambao kibati kinauruhusu, saa kumi jioni chaji ikiwa imeshuka, dereva wa zamu akiwa kwenye usukani na mwenye fedha akisimama pembeni kusikiliza atakachosema akishuka.