Wenye Ukoma Mbele ya Meza Zetu

Katika toleo hili twapenda kunena juu ya jambo lipitalo mbele ya meza zetu, wala halipati kutajwa mikutanoni, nalo ni jinsi tuwapokeavyo watu wenye ukoma, na hata wale waliokwisha kupona.

Mwanachama mmoja ametuarifu habari za mzee aliyefika kuandikishwa katika afisi moja ya wilaya. Alipotoa karatasi yake, karani aliivuta kwa rula asiishike. Kisha fomu ikataka alama ya dole gumba. Mzee hana dole gumba, mkono wa kuume wala wa kushoto. Akaambiwa aende zake, maana fomu isiyo na alama haipokelewi. Watu waliopanga safu nyuma yake walikuwa wamekwisha kurudi hatua tatu.

Yule karani hatumwiti mtu mbaya. Aliogopa, na hofu yake aliirithi kwa wazee kama sisi sote. Hata katika usemi wetu twamwita mtu "mkoma", kana kwamba ugonjwa umekula na jina lake. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kusoma hana udhuru wa kukaa na hofu ambayo elimu imekwisha kuijibu. Tabibu Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, katika nchi ya Norwei, aliviona vijidudu vya ukoma mwaka 1873. Basi si laana, si uchawi, wala si urithi wa damu. Hauambukizwi kwa kupeana mikono, wala kuketi pamoja, wala kula chakula pamoja. Huenea kwa matone yatokayo puani na mdomoni mwa mgonjwa asiyetibiwa, kwa mtu aliyekaa karibu naye muda mrefu, na hata hivyo miili ya watu walio wengi huushinda. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani liliagiza matibabu ya dawa kadha pamoja, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bila malipo. Mgonjwa hutibiwa miezi 6 au 12, naye huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza dawa.

Ama vidole vilivyofupika si dalili ya kuwa ugonjwa ungalipo. Ukoma hudhuru mishipa ya fahamu, mkono ukafa ganzi. Mtu hushika sufuria ya moto asijue, akaungua, kidonda kikaingia mpaka mfupani. Aliyepona miaka 30 iliyopita atafika mbele yako na mkono ule ule. Ni kovu tu.

Ujasiri tuutakao hapa ni mdogo kwa kuutazama, lakini twajua ugumu wake: kuipokea karatasi kwa mkono, safu nzima ikitazama, na mwenzako wa meza ya pili akicheka, na jioni kuulizwa na mkeo kama umenawa. (Mkeo asilaumiwe, mweleze.) Atakayeanza ndiye atakayepata taabu. Wa pili hataona kitu.

Tena upole peke yake hautoshi. Ikiwa fomu yasema dole gumba na hakuna neno lingine, karani mpole naye atamrudisha mzee, ila kwa maneno matamu, na mzee atakuwa amepoteza nauli ile ile. Hapo yapasa karani ainuke, aende kwa mkubwa wake, aulize kama kidole kingine chaweza kutumika, au sahihi ya shahidi. Wala asikubali jibu la "njoo kesho".

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi watuletee, kabla ya mwisho wa mwezi, orodha ya fomu zote zitakazo dole gumba katika afisi zao, tupate kuwaandikia wakubwa barua moja. Na kama mtu wa namna hii amepata kurudishwa mbele ya meza yenu, andikeni tarehe na fomu ilivyokuwa. Jina la karani halitakiwi.