Wa Kambi Moja Nao Wabishane: Waraka wa Wazi kwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere

Kwa Ofisi ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ndugu zangu,

Nina ombi moja. Katika makongamano yenu, waketisheni meza moja wachambuzi wa siasa wenye mrengo mmoja, kisha waacheni wabishane mbele ya watu.

Siku hizi mchambuzi akimkosoa mwenzake wa kambi yake huambiwa kanunuliwa, au anampa adui silaha. Basi wananong'ona pembeni, na hadharani wanapigiana makofi.

Chuo chenu hakikulelewa hivyo. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi, Cheche, lilichapa makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyoendelea kimyakimya baada ya Azimio la Arusha. Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes, wana wa mrengo wa kushoto kama yeye, walimjibu kwa maandishi, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikachapa makala na majibu katika kitabu kimoja.

Mwaka 1976 Shivji akaenda mbali zaidi: waliokalia mashirika yaliyotaifishwa wamekuwa tabaka tawala, mabwanyenye wa urasimu. Dan Nabudere, Mganda aliyekuwa akifundisha hapo hapo, akapinga: mtawala halisi ni mtaji wa fedha wa kibeberu. Mahmood Mamdani naye akamkosoa Nabudere. Wote walifuata Marx, wote waliuchukia ubeberu. Kwa kuwa hayo hayakuwa na ubishi, walifika kwenye swali gumu: mnyonge apambane kwanza na nani? Lakini anayeupinga ubepari akikutana na anayeutetea, muda wote huishia mlangoni, swali hilo halifikiwi.

Hatuhitaji kurithi kila kitu. Lugha yao ilikuwa kali, na mara nyingine majina yalibandikwa pale hoja ilipotakiwa kujibiwa. Tena mjadala huo, aliouhariri Yash Tandon katika kitabu cha mwaka 1982, uliandikwa kwa Kiingereza, ilhali uliwahusu wakulima na wafanyakazi.

Kwa hiyo naomba ubishi uwe wa Kiswahili. Anayepinga aeleze kwanza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyosema. Kisha hoja na majibu vichapwe pamoja, bila kupunguza makali. Anzeni na kongamano lijalo, wasikilizaji tupo.

Wenu,
Msomaji