Rambo Mbovu? Niachieni Mimi

Wenzangu, mtaniwia radhi, lakini mimi naipenda Rambo ya pili, ile ya 1985. Ndiyo, ilipewa tuzo ya Razzie ya filamu mbaya kupita zote za mwaka huo, naye Sylvester Stallone akapata yake ya mwigizaji mbovu. Mwalimu mmoja huiita takataka. Kweli, risasi za adui hazimpati Rambo hata akisimama wazi kama mgomba!

Lakini mimi niliionea kwenye kibanda cha video huko Maua, ikisimuliwa kwa Kiswahili, mtindo ule wa DJ Afro. Kando yangu aliketi baba mdogo, mchuma miraa asiyejua Kiingereza. Helikopta ilipogeuka na kumwacha Rambo mikononi mwa adui, baba mdogo aliruka: "Aki wamemwacha!" Tukienda nyumbani usiku ule, alinisimulia jinsi mwenye lori fulani alivyomwacha njiani akiwa mgonjwa. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo.

Sasa, hao wahakiki wa Marekani waliitazama wakiwa wameketi na nani? Mimi Jumamosi narudi, na baba mdogo ndiye atalipa.